Watoto Wanaongezeka ao Wanapunguka? Namna ya Kupima Uzazi Vijijini



Somo hili linatoka katika kosa langu mwenyewe, basi nianze na lile kosa. Miaka mingi iliyopita, wakati wa likizo ya Paska, nilituma wanafunzi wa kalasi ya tano waende kuhesabu uzazi katika vijiji vyao. Kijana mumoja alirudi na kazi safi sana. Alikuwa ameketi siku mbili karibu na mukunga wa maternite, akaandika hesabu ya watoto waliozaliwa kila mwezi kwa miaka mitatu. Hesabu ilipanda mwaka kwa mwaka, na mwaka wa tatu ilikuwa karibu mara mbili ya mwaka wa kwanza. Chini ya karatasi aliandika na kalamu nyekundu: "Katika kijiji chetu uzazi umeongezeka mara mbili." Nilimupa pointi 18 juu ya 20. Tena nilifanya ubaya zaidi: nilipeleka karatasi yake kwa kamati ya wazazi wa shule ya musingi ya pale. Wazazi walipoona ule mustari wenye kupanda waliogopa kwamba kalasi ya kwanza itajaa, wakachanga matofali na mabati, wakajenga chumba cha pili.

Miaka ikapita, watoto wale wakafikia umri wa kusoma. Chumba kile kilibaki wazi. Sasa watu wanaanika mahindi ndani. Watoto walienda wapi? Hawakuenda popote, juu hawakuwa watoto wa kijiji kile. Katika miaka ile mitatu watu walikuwa wametengeneza daraja, na wamama wa ngambo ya muto, ambao mbele walizalia nyumbani, walianza kuvuka kuja kuzalia kwa maternite. Wakiisha kuzaa na kupata nguvu, walibeba watoto wao na kurudi kwao. Kijana wangu hakudanganya hata kidogo. Alihesabu vizuri watoto waliozaliwa ndani ya nyumba moja. Lakini hakuuliza kama ni watoto wa wapi, wala kama mama zao wako wangapi. Na mimi mwalimu wake sikumuuliza.

Hapo njo mwanzo wa somo. Kupima uzazi ni kugawanya. Juu ya mustari tunaweka watoto waliozaliwa katika mwaka mumoja. Chini ya mustari tunaweka watu waliowazaa. Watu mingi wanashugulika sana na hesabu ya juu, na ile ya chini wanaiandika tu sawa vile wanavyoikuta.

Kipimo ambacho mutakutana nacho kwanza katika vitabu vya jeografia ni hesabu ya watoto waliozaliwa kwa kila watu 1 000. Ni kipimo chepesi, na wepesi wake unadanganya. Tuseme kijiji kiko na watu 1 000, na mwaka huu watoto 45 wamezaliwa. Kipimo ni 45 kwa 1 000. Mwaka unaofuata watu wanasikia habari ya zahabu katika mulima fulani, na wanaume 150 wanaenda kuchimba. Kijiji kimebaki na watu 850. Watoto wanazaliwa 45 tena, sawa mwaka jana. Mugawanye sasa: 45 kwa 850 inatoa karibu 53 kwa 1 000. Mutu wa mbali akisoma karatasi atasema kwamba wanawake wa kijiji hiki wameanza kuzaa zaidi. Kumbe hakuna mwanamuke aliyebadilisha kitu. Waliobadilika ni wanaume walioondoka.

Kwa hiyo lazima chini ya mustari tuweke wale wanaoweza kuzaa, maana yake wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Kama kijiji chetu kilikuwa na wanawake 210 wa umri ule, 45 kwa 210 ni karibu 214 kwa 1 000 mwaka wa kwanza, na karibu 214 mwaka wa pili. Sasa kipimo kinasema kweli. (Wenye kupenda Biblia watakumbuka kwamba kitabu cha Hesabu kinaanza na kuhesabu wanaume wa miaka 20 na zaidi, wenye kuweza kwenda vita. Ilikuwa hesabu nzuri kwa Musa. Kwa kazi yetu haitusaidie kitu.)

Lakini hata wanawake 210 hawako sawa. Binti wa miaka 16 na mama wa miaka 27 na mama wa miaka 46 hawazae namna moja. Kama kijiji kimejaa mabinti, kipimo kitashuka. Wakikomaa na kuolewa, kitapanda, bila mutu kugeuza desturi yake. Njo maana wataalamu wanagawanya wanawake katika mafungu saba ya miaka tano tano: 15–19, 20–24, na kuendelea mpaka 45–49. Katika kila fungu wanatafuta mwanamuke mumoja anazaa watoto wangapi kwa mwaka. Tuseme tumepata 0,12, 0,28, 0,29, 0,24, 0,17, 0,08, na 0,02. Tukizijumulisha tunapata 1,20. Kila mwanamuke anakaa katika kila fungu miaka 5, basi tunazidisha kwa 5: watoto 6. Ni kusema, mwanamuke akipita umri wote wa kuzaa, na akizaa katika kila umri sawa wanavyozaa wanawake wa mwaka huu, atazaa watoto 6. Mwanamuke huyo hayuko. Ni wa karatasi. Lakini yeye njo tunamutumia tukitaka kulinganisha mwaka na mwaka, ao Kivu na Equateur, juu hesabu yake haigeuke kwa sababu ya wanaume kwenda kwenye zahabu ao mabinti kuwa mingi.

Hesabu yenyewe mumeona haiko nguvu. Mutoto wa kalasi ya pili anaweza kuifanya. Nguvu iko katika kupata zile namba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa njo watu wanaanguka.

Njia iliyo sawa ingekuwa kuandika kila mutoto anapozaliwa. Katika inchi yetu sheria inaomba wazazi wapeleke habari ya mutoto kwa biro ya serikali katika siku 90. Ankete kubwa ya 2013–2014 ilikuta kwamba kati ya watoto 100 wasiotimiza miaka tano, 25 tu walikuwa wameandikwa. Biro iko mbali, njia ni mbaya, na karani hakosi kuomba kitu. Mukitaka kupima uzazi wa vijijini kwa kitabu cha biro, mutapima tu nani anakaa karibu na barabara. Na kitabu cha kanisa je? Katika makanisa mingi yetu hatubatize watoto wachanga. Tunabatiza mutu akiisha kuamini, labda na miaka 14 ao 40. Kitabu chetu cha ubatizo kinaonyesha mambo mengine, si uzazi.

Inabaki kuuliza wamama wenyewe. Nilisikia mwanafunzi wangu mumoja akiuliza:

– Jambo mama.

– Jambo mwanangu, karibu kikao.

– Mama, ulizaa watoto wangapi?

– Niko na wane.

Akaandika 4, akafunga kitabu. Nilimuomba akifungue tena, na nikauliza mimi, polepole. Watoto wanaokaa naye hapa nyumbani: wane. Kuko wengine wanaokaa fasi ingine? Ndiyo, wawili, binti aliyeolewa na kijana anayesoma kwa muji kwa mujomba wake. Na kuko waliozaliwa, wakalia ao wakapumua hata siku moja, kisha wakafariki? Mama akanyamaza. Akaangalia chini. "Wawili," akasema. Hesabu ilikuwa 8, nusu yake haikuandikwa. Hakutaka kutudanganya. Tulimuuliza amezaa wangapi, yeye akajibu yuko na wangapi, na mambo haya mawili katika kinywa cha watu ni karibu moja. Tena katika makabila mingi kuhesabu watoto ni vibaya, kunaita kifo. Ndiyo sababu katika ankete nzuri hawaulize mara moja. Wanauliza mara tatu, wanaokaa hapa, wanaokaa kwingine, na waliokufa, wavulana mbali na wasichana mbali. Na anayeuliza habari ya waliokufa, awe na adabu. Hatulete kalamu tu, tunaleta kilio pia.

Swali la pili ni: "Ulizaa katika miezi 12 iliyopita?" Linaonekana kuwa jepesi kuliko la kwanza, lakini mwaka wa watu si mwaka wa karatasi. Mama mumoja atahesabu tangu mavuno, mwingine tangu Noeli. Kwa mumoja mwaka ni miezi 9, kwa mwingine ni miezi 15. Na umri? Wazee wanasema 40, 45, 50, maana hesabu za sifuri na tano zinapendwa. Kwa hiyo wenye kufanya kazi hii wanatembea na kalenda ya mambo yaliyotokea: Uhuru wa 1960, moto wa Nyiragongo wa 1977, ule wa 2002, ule wa 2021. "Nyiragongo ilipolipuka, ulikuwa umeolewa? Mutoto huyu alikuwa ametambaa?" Kwa njia hiyo umri unapatikana karibu na kweli.

Basi tuko na majibu mawili, yote mawili yenye kasoro. Wamama wazee wanasahau watoto wao wa zamani, hasa waliokufa. Na miezi 12 inapunguka ao inaongezeka. Mutu aliyeona namna ya kutumia kasoro moja kusahihisha ingine aliitwa William Brass, Muskoti, ambaye alifanya kazi ya statistiki katika biro ya Afrika ya Mashariki tangu 1948 mpaka 1955. Aliwaza hivi: kusahau ni ugonjwa wa wazee. Mama kijana wa miaka 20 mpaka 24 yuko na mutoto mumoja ao wawili, wote ni wa juzi, hatawasahau. Na kasoro ya mwaka inapiga wanawake wote karibu sawasawa, vijana na wazee. Basi tunatwaa majibu ya miezi 12 tuone mwanamuke wa fungu la 20–24 angepaswa kuwa na watoto wangapi. Tuseme inatoka 1,2. Kisha tunaangalia wao wenyewe wanasema wako na wangapi; tuseme 1,5. Tunagawanya 1,5 kwa 1,2, inatoka 1,25. Ni kusema majibu ya mwaka yamepungukiwa, na tunazidisha kipimo chote kwa 1,25. Kama kwa miezi 12 tulipata watoto 4,8 kwa mwanamuke, sasa tunapata 6. Kitabu chao kuhusu uzazi na watu wa Afrika kilitokea 1968, Brass pamoja na wenzake, na sehemu moja ndani yake ni ya Kongo yetu, imeandikwa na Anatole Romaniuk.

Lakini muangalie mutego. Njia ya Brass inasimama juu ya wazo kwamba uzazi haujabadilika katika miaka ya nyuma. Na sisi tunatafuta nini? Tunatafuta mabadiliko! Kama kweli wanawake wa leo wanazaa kidogo kuliko mama zao, basi watoto wa zamani watakuwa mingi kuliko hesabu ya mwaka huu, si kwa kusahau, bali kwa sababu mambo yamegeuka. Ukisahihisha bila kufikiri, utafuta lile lile ulilotafuta. Kwa hiyo wanaangalia fungu kwa fungu: ikiwa ile namba ya kuzidisha inapanda polepole kutoka kwa vijana kwenda kwa wazee, ni alama kwamba uzazi umeshuka kweli.

Romaniuk nilimutaja kwa sababu ya jambo linalotuhusu sana. Katika miaka 1955–1957, wakati wa Wabelgiji, ilifanyika ankete kubwa katika Kongo nzima. Waliuliza watu zaidi ya milioni moja, karibu mutu mumoja kati ya kumi. Matokeo yalishangaza. Kivu akina mama walizaa sana, lakini katika Bas-Uele na sehemu za Equateur walizaa karibu nusu ya wale wa Kivu. Katika inchi nzima, karibu mwanamuke mumoja kati ya watano waliomaliza umri wa kuzaa hakuzaa hata mara moja, na kule Bas-Uele hesabu ilipita hiyo kwa mbali. Mbele ya hapo watu walisema mengi: kwamba wanawake wa kule ni walozi, kwamba wanakunywa dawa, kwamba kabila limechoka. Wanaume walifukuza wake zao na kuoa wengine, ambao pia hawakuzaa. Hesabu ilionyesha kwamba utasa ulifuata sehemu moja moja, sawa ugonjwa unavyofuata, na wataalamu wakaelekeza kidole juu ya magonjwa ya zinaa, kisonono zaidi. Ugonjwa ule unaziba njia ya uzazi, na mara mingi ni mwanaume njo anauleta nyumbani. Ni wamama wangapi waliorudishwa kwa wazazi wao kwa aibu, na hakuna aliyewahi kupima kitu! Kisha penisilini ikafika.

Mwaka 1980 Romaniuk aliandika tena juu ya inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, kwamba uzazi ulikuwa umepanda. Hakusema watu walianza kupenda watoto zaidi. Utasa ulipunguka, na wamama walinyonyesha muda mufupi kuliko zamani, na ile desturi ya mume na muke kulala mbali mpaka mutoto aache ziwa ilikuwa inalegea. Watu mingi wanafikiri kwamba maendeleo yakifika kijijini, uzazi unashuka mara moja. Mara mingi unapanda kwanza.

Na leo? Hesabu ya watu wote ilifanyika tarehe 1 Julai 1984, ikatoa watu karibu milioni 30, na mpaka sasa hakuna ingine iliyoifuata. Tunaishi kwa ankete tu. Ile ya 2007 iliuliza wanawake karibu 10 000, ikatoa watoto 6,3 kwa mwanamuke. Ile ya 2013–2014 iliuliza zaidi ya 18 000, ikatoa 6,6; vijijini 7,3 na mijini 5,4. Uzazi ulipanda? Mimi singeandika hivyo na kalamu nyekundu. Wanachagua vijiji kwa kura, na tofauti ya 0,3 inaweza kutoka katika kura yenyewe. Ankete ya 2017–2018 ilitoa 6,2, na ile ya 2023–2024 ilitoa 5,5. Hapa mambo ni mengine: hesabu tatu zikifuatana zinaenda upande mumoja, na kutoka 6,6 mpaka 5,5 ni zaidi ya mutoto mumoja mzima. Naamini kwamba kitu kimeanza kugeuka.

Ila kuko kasoro moja ya ankete hizi nataka muijue, juu ni ya kibinadamu sana. Mama akiwa na mutoto wa chini ya miaka tano, muulizaji analazimika kumuuliza maulizo mingi juu ya huyo mutoto: chanjo, kunyonya, homa, kuhara. Jua linawaka, kuko nyumba zingine kumi. Mutoto yuko na miaka mine na nusu. Muulizaji anaandika kwamba amezaliwa mbele kidogo, awe na miaka tano na zaidi, na kurasa zile zinarukwa. Ao anamusahau kabisa. Wakifanya hivyo mingi, miaka ya karibuni inaonekana kuwa na watoto kidogo, ya nyuma kuwa na mingi, na kwenye karatasi uzazi unashuka gafula katika mwaka ule ule ambamo maulizo yanaanzia. Bruno Schoumaker, mwalimu wa Louvain, alichunguza ankete za namna hii katika inchi mingi za Afrika, akaonyesha kwamba zimepunguza uzazi kwa njia hiyo. Basi mukiona uzazi umeshuka, muulize kwanza: wamama wamebadilika, ao muulizaji alichoka?

Kuko fasi moja ambako waliamua kutotegemea kukumbuka: Matlab, wilaya ya vijiji katika Bangladesh, inchi ya mito na mafuriko. Tangu 1966 watumishi wanapita nyumba kwa nyumba bila kuacha, wanaandika kila anayezaliwa, anayekufa, anayehamia na anayeondoka. Hivyo hesabu ya juu na ya chini ya mustari zote mbili zinajulikana. Baada ya njaa ya 1974 waliona watoto wanapunguka sana mwaka 1975, kisha wanarudi kuwa mingi. Mutu aliyepima 1975 tu angetangaza mapinduzi. Mwaka 1977 waligawanya vijiji 149: katika 70, wanawake wa pale pale waliofundishwa walipita kwa wamama kuwaletea njia za kupanga uzazi na kuwafuata wakipata shida nazo; katika 79 kazi ya serikali iliendelea sawa kawaida. Miaka iliyofuata uzazi katika vile 70 ulikuwa karibu robo chini kuliko katika 79. Hapo mutu anaweza kusema ni nini kilicholeta mabadiliko, juu njaa na mafuriko na bei ya muchele vilipiga pande zote mbili sawasawa.

Sisi hatuna watumishi wa kupita kila nyumba. Lakini yule mukunga wa maternite niliyemutaja mwanzoni, tulirudi kwake. Sasa katika kitabu chake kuko mustari mumoja zaidi, wa kijiji anachotoka mama. Kazi ya kuuchora ilikuwa ya rula na dakika kumi.

Zoezi kwa kalasi ya nne, ya tano na ya sita. Kijiji kimoja kilikuwa na watu 1 200, kati yao wanawake 252 wa miaka 15 mpaka 49, na watoto 54 walizaliwa katika mwaka. Miaka miwili nyuma ya hapo kiko na watu 1 500, wanawake 280 wa umri ule, na watoto 60 wamezaliwa. Tafuta vipimo viwili kwa kila mwaka: kwa watu 1 000, na kwa wanawake 1 000. Kimoja kinashuka, kingine hakishuke. Eleza ni watu gani waliofika katika kijiji, na utoe wazo moja la kazi iliyowaleta. Karatasi ziletwe kwangu mbele ya siku ya tano. Atakayeleta namba tu bila maelezo hatapata zaidi ya nusu ya pointi.